Muziki Chomboni

Muziki baharini ni furaha, lakini furaha isiyopimwa huzaa majuto. Redio na vipaza sauti vitumiavyo wati 240, katika mashua yenye umeme wa volti 12, hunywa ampea 20. Ikiwa altaneta ya injini hutoa ampea 10 tu, nusu ya deni hulipwa na betri. Nayo ikiisha, injini haiwaki, na mkondo wa bahari haumngoji mtu. Kwa hiyo katika mashua yangu nilitia kwanza altaneta yenye nguvu zaidi, waya nene na fyuzi. Kisha nikatenga betri mbili, moja ya kuwashia injini, nyingine ya muziki. Muziki ukizimika, abiria hununa. Injini ikikataa, hupotea. Nawe, kabla ya kuongeza matumizi, ongeza pato.