Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Kagua Kilengeo

Najua bastola si jambo la kawaida katika gazeti la familia. Lakini nimeona niwashirikishe nililojifunza kutokana na kijichuma kisichozidi ukucha, maana linagusa malezi ya watoto wetu.

Sisi tunaishi Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Mzee mmoja wa kanisa letu, alipohamia kwa binti yake, alimwachia mume wangu bastola ya mtindo wa kizamani. Ni nakala. Za asili zilitengenezwa na kiwanda cha Remington, zikatumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Nakala hizi hutengenezwa Italia, hasa mkoa wa Brescia, kwa ajili ya wapenda historia na mchezo wa shabaha. Hata hivyo si kitu cha kuchezea. Hushindiliwa baruti na risasi katika vyumba 6 vya silinda, huvishwa fataki kwa nyuma, na huweza kuua kama zile za asili. Kwa hiyo nilitoa sharti: ifungwe kwa kufuli, baruti ikae mbali nayo, na ufunguo awe nao baba peke yake. Alikubali.

Kijana wetu wa miaka 16 akawa anafuatana na baba yake kila Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha. Mwanzoni walirudi wakicheka. Baadaye wakawa wanarudi kimya. Risasi za kijana zote zilikwenda kushoto. Baba alisema anafyatua kwa pupa, hasikii maelekezo, mawazo yako kwa marafiki. Haukupita mwezi, maneno yale yakahama uwanjani yakaingia mezani petu. Shuleni hasikii, kanisani hasikii. Kijana akaacha kujibu. Jioni moja akanifuata jikoni akasema, "Mama, mimi siendi tena. Kwa baba mimi ni mtu wa kukosa tu." Akina mama, neno lile lilinichoma moyo.

Niliomba Mungu, kisha nikazungumza na mume wangu faraghani, kwa upole. Nilimwuliza swali moja tu: je, yeye mwenyewe amewahi kuipiga bastola ile siku za karibuni? Alikuwa hajaipiga, kazi yake ilikuwa kuelekeza. Jumamosi iliyofuata akaipiga mara 6. Zote zilikwenda kushoto.

Mume wangu ni fundi wa magari. Waliporudi nyumbani, kwanza aliichomoa silinda nzima na kukagua kila chumba, ahakikishe hakuna kitu ndani. Kisha akakishika kwa vidole viwili kile kilengeo cha mbele, kilicho juu ya ncha ya mtutu. Kilicheza kama jino la mtoto.

Kilengeo hicho hukaa katika mfereji uliokatwa kuvuka mtutu, mpana chini na mwembamba juu, nacho hushikiliwa kwa kubanwa tu. Kwa mitetemo ya miaka kilikuwa kimelegea na kusogea kulia. Kikisogea kulia, mwenye kulenga hugeuza mtutu kushoto bila kujua. Kutoka mfereji wa kulengea wa nyuma hadi kilengeo cha mbele ni kama robo mita tu, hivyo kosa la milimita 1 huwa takriban sentimita 9 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 23. Mwanangu alikuwa akilenga vizuri, ndiyo maana alikosa upande ule ule kila mara.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Kijana alishika tochi. Baba alikigonga kilengeo kikatoka, kwa kipande cha shaba ili asikwaruze chuma. Akafuta mafuta kwa spiriti, akapiga vidoti vichache kwa panchi chini ya mfereji ili chuma kiinuke kidogo na kubana, akatia tone la gundi ya kukazia nati, akakirudisha kwa kugonga polepole hadi katikati. Mwisho akachora mstari mwembamba kwenye kilengeo na mtutu pamoja, ili kikisogea tena waone mapema. Kisha akaweka nyundo chini akasema, "Mwanangu, nisamehe. Hukuwa wewe."

Jumamosi iliyofuata, risasi 4 kati ya 6 zilipata. Kijana akacheka akasema, "Hizo 2 ndizo zangu."

Tumehubiriwa mara nyingi kwamba dhambi ni kukosa shabaha. Katika Waamuzi sura ya 20, neno la Kiebrania kuhusu wale mashoto 700 wasiokosa kwa kombeo ndilo hilo hilo linalotafsiriwa kwingine kuwa kutenda dhambi. Ni kweli. Lakini mtoto hulenga kwa kilengeo alichopewa, nacho ni maneno yetu na mwenendo wetu, baba na mama. Akikosa upande ule ule kila siku, tusikimbilie fimbo wala lawama. Tukishike kilengeo kwanza, tuone kama kinacheza. Na kikikutwa kimelegea, tumwambie mtoto wazi, kama baba yule alivyomwambia mwanawe. Mtoto aliyeombwa radhi hujifunza kukiri yaliyo yake.