Jua Linapotua Gede, Uso wa Mama Kwanza

Anayezuru magofu ya Gede kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani kuwa kupiga picha huko ni kazi nyepesi. Kuta za kale zipo, miti mikubwa ipo, na jua la magharibi lipo. Nami nilidhani vivyo hivyo Jumamosi moja ya Agosti nilipompeleka mamangu huko kutoka Mombasa, safari ya kilomita 100 hivi kuelekea kaskazini.

Mama ana miaka 74, na magoti yake hayampi ruhusa ya safari nyingi. Aliwahi kufika Gede akiwa msichana wa shule, wala hakurudi tena. Ombi lake lilikuwa moja tu: apigwe picha akiwa amesimama kwenye lango la kasri, wajukuu wake waione.

Gede ni mji wa Waswahili uliostawi sana katika karne ya 15, kisha ukahamwa katika karne ya 17. Majengo yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mwaka 2024, UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya Turathi za Dunia. Kinachovuta macho zaidi ni kasri lenyewe, lenye lango la tao lililochongoka juu, nyua, na vyumba vingi visivyo na paa. Kima hurukaruka juu ya kuta kana kwamba wao ndio warithi.

Tulifika jua likiwa limekwisha kuinama. Nilimsimamisha Mama langoni, mbingu ya rangi ya chungwa ikiwa nyuma yake, nikabonyeza. Nilipomwonyesha picha, aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Baba, na mimi niko wapi?"

Alikuwa kivuli cheusi!

Msomaji, kosa hili huwapata wengi. Jicho la binadamu huona penye mwangaza na penye giza kwa pamoja, lakini kamera haina uwezo huo. Ikipima mwanga wa mbingu, kuta na uso huzama gizani. Ikipima uso, mbingu huwa nyeupe kama karatasi.

Kwa magofu peke yake, dawa ipo. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, upige picha tatu bila kuisogeza: moja ya kufaa mbingu, moja ya kadiri, na moja ya kufaa kuta. Baadaye utaziunganisha kwa kompyuta. Ukuta hautikisiki. Lakini mama mzee mwenye magoti mabovu hawezi kusimama kama ukuta.

Nikajaribu taa ya kamera. Uso ukang'aa kama bati jipya, na Mama akafumba macho.

Wakati huo mlinzi alikuwa akitukumbusha saa ya kufunga. Pwani yetu iko karibu na ikweta, na jua hushuka moja kwa moja bila kusitasita. Msituni hujificha mapema zaidi, nyuma ya miti.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akizuru na wenzake alituhurumia. Nilimpa shuka jeupe tulilokuwa tumelikalia, akalikunjua mbele ya Mama, chini ya lenzi yangu. Miale iliyopenya langoni ikagonga shuka na kurudi usoni pake taratibu. Nikapima mwanga wa uso, nikapunguza kidogo kwa ajili ya mbingu, nikabonyeza mara mbili. Mara ya tatu jua halikuwapo.

Mbingu katika picha hiyo imefifia, na mpiga picha stadi angeikosoa. Hata hivyo, makunyanzi ya Mama yanaonekana yote, na tabasamu pia.

Nawe ukienda, fika saa kumi, ubebe shuka jeupe, na uamue mapema ni kipi usichokubali kukipoteza. Picha yetu imetundikwa sebuleni. Wajukuu hawajauliza lolote kuhusu mbingu. Humwuliza bibi yao lango lilikuwaje alipokuwa msichana, naye huwasimulia.