Kabla ya kununua jaba la pombe, uliza lilibeba nini

Shangazi yangu anaishi Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe, huku kwetu Katavi. Mwezi uliopita alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akaniambia ameamua kuanza kupika pombe ya mahindi na anataka nimsaidie kuchagua vyombo. "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya, mwanangu? Ninunue jaba au pipa?"

Najua wapo wasomaji watakaoshangaa mwandishi wa afya kumshauri mpika pombe. Hata mimi ningependa watu wanywe kidogo kuliko wanavyokunywa. Lakini Mpimbwe akina mama wengi hupata sare na madaftari ya watoto kwa pombe hiyo. Itapikwa tu, nishauri nisishauri. (Gongo ni habari nyingine. Ni kosa kisheria, na huko simfuati.)

Vyombo vya kuanzia si vingi: sufuria kubwa ya kuchemshia uji, chombo chenye mfuniko cha kuchachushia, mwiko mrefu, kata, mfuko wa kuchujia machicha na turubai la kuanikia kimea. Vingi vipo nyumbani tayari. Kinachoumiza mfuko ni jaba, na hapo ndipo nilipomkalia kooni shangazi.

Katavi tuna mashamba ya tumbaku na machimbo madogo ya dhahabu. Jaba lililobeba dawa za shambani au kemikali za kuchenjulia dhahabu linaweza kuishia mnadani, limeoshwa linang'aa, linauzwa kwa bei ya kutupa. Shangazi alikuwa ameshaonyeshwa moja la bluu. Muuzaji alisema lilikuwa la sabuni. Labda. Lakini plastiki hunywa kilichowekwa ndani yake. Ukilisugua kwa maji ya moto na jivu, harufu inaweza kuisha na kemikali ikabaki. Kisha pombe, yenye uchachu na kilevi, inakaa humo siku mbili tatu ikiivuta taratibu. Alama ya glasi na uma chini ya jaba huonyesha kwamba plastiki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Haisemi ilibeba nini baadaye.

Na si walevi tu. Pombe haijakolea, togwa huwa tayari, na watoto wa jirani wanajua siku yake. Wanakuja na vikombe, wanachotewa kutoka chombo kilekile.

Kwa hiyo nilimwambia anunue kipya, hata kama ni kidogo. Ndoo mbili mpya za lita 20 zenye mifuniko zinamtosha anayeanza. Ndoo ya bati hapana: bati limepakwa zinki, uchachu huila, na mnywaji anasokotwa tumbo na kutapika. Sufuria ya aluminiamu ichemshe uji, ila pombe isilale humo. Chungu cha udongo kinafaa, mradi kisiwe na nyufa, maana uchafu hujificha humo.

Shangazi alicheka niliposema turubai lina kazi kubwa kuliko jaba. Lakini kimea kikianikwa chini na kurudiwa na mvua, kinaota ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, pombe ya msibani iliua watu 75. Uvumi wa kwanza ulisema ni nyongo ya mamba (watani wangu msianze, ni mnyama, si kata yetu). Vipimo vya maabara vikaja kuonyesha sumu ya bakteria waliokuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hizo mbili haziondoki kwa kuchemsha, wala kuchachusha pombe si dawa yake.

Ndiyo maana yale maneno ya "haya ya ukungu tuyaweke ya pombe" yananitisha kuliko jaba la bluu. Mahindi ya pombe yachaguliwe kama ya ugali: punje zilizobadilika rangi zitolewe, kimea kikauke juu ya turubai, gunia likae juu ya vichanja, si sakafuni. Yaliyooza yafukiwe shimoni, wasipewe hata kuku.