Boriti za Rangi na Mipaka ya Somo la Vitendo

Katika andalio la somo la mwalimu mwanafunzi, safu ya vitendo vya wanafunzi ndiyo hujazwa upesi kuliko zote. Huandikwa kwamba wanafunzi watakata, watapaka, watapiga msasa, watapanda. Nami ninaposahihisha maandalio hayo huandika pembeni swali lile lile kila mwaka: katika kazi hii yote, ni sehemu ipi hasa iliyo ya mtoto? Wengi huliona swali hili kuwa la kuwachelewesha. Ningependa kulieleza kwa mfano wa kazi niliyoisimamia likizo moja, ya kuondoa rangi katika boriti za nyumba kuukuu.

Nyumba yenyewe ni ya mama yangu mkubwa, iko Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha. Anayepafahamu mahali hapo atakumbuka zaidi bodaboda, vumbi na nyumba mpya za matofali ya saruji. Yake ni ya matofali ya kuchoma na bati, na sebule haikuwahi kuwekewa dari. Hivyo boriti tano zinazolala kutoka ukuta hadi ukuta huonekana zote. Marehemu mume wake alizipaka rangi ya mafuta kila familia ilipopata harusi au ubatizo. Juu palikuwa na rangi ya maziwa, chini yake kijani, chini yake samawati, na chini kabisa kahawia. Mama mkubwa alitaka kuuona tena mti wenyewe, kama alivyouona siku alipoingia humo akiwa bi harusi.

Fundi alikuja na mtungi wa gesi. Shauri lake lilikuwa kuichoma rangi mpaka ivimbe, kuikwangua, kupiga msasa mkavu, kisha vanishi.

“Mwalimu, hii ni kazi ya siku moja,” alisema.

“Shikamoo yako naiheshimu, fundi, lakini wajukuu wanalala chini ya boriti hizi, na mmoja bado anatambaa.”

“Mimi nimechoma rangi tangu ujana wangu, na mpaka leo nipo.”

Sikumdharau, maana hakuwa akisema uongo. Lakini rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na risasi, ama kuipa rangi nguvu, ama kuifanya ikauke upesi. (Nasema risasi ile madini, wanafunzi wengi wa msingi wanaijua ile ya bunduki tu, na mwalimu hana budi kuanzia hapo.) Ukiichoma rangi hiyo, risasi hutoka katika moshi; ukiipiga msasa mkavu, hutoka katika vumbi. Vumbi huanguka sakafuni, mtoto hutambaa juu yake, kisha mkono huenda kinywani. Mwili wa mtoto huifyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nalo jambo baya zaidi ni kwamba dhara hilo halina kilio: mtoto haugui siku ile, bali miaka baadaye mwalimu fulani humwona mzito wa kusoma na kumwita mvivu. Rangi ambayo haijapimwa katika maabara sharti ichukuliwe kuwa ina risasi, na ndivyo tulivyoichukua hii.

Basi kabla ya chombo chochote tulianza kutazama, na hapa fundi mwenyewe akawa mwalimu bora kuliko mimi. Alizigonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo akisikiliza. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyoliwa ndani na bungua au mchwa hujibu kwa sauti ya debe lenye nafaka. Alituonyesha kwamba tundu la bungua lililozibwa na rangi ni la zamani, na lile lenye unga mweupe mdomoni lina mdudu anayekula sasa. Alichonga kibanzi kidogo juu ya boriti, upande usiopakwa, akanusa, akatamka: mtarakwa. Ni mti wa misitu yetu ya milimani, Mlima Meru ukiwamo, ambao zamani ulitafutwa kwa kutengenezea penseli. Hata istilahi tulijadiliana. Yeye alizoea kuziita kenchi. Nami nikasema kenchi ni ule mfumo wa mbao za pembetatu unaobeba bati, na boriti ni mti unaolala peke yake juu ya kuta.

Mwalimu atakayepangiwa pwani ana boriti nzuri zaidi za kutazama. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na za Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001, sakafu za ghorofa zimebebwa na miti ya mikoko. Kwa kuwa miti hiyo kwa kawaida hupatikana kwa urefu wa mita tatu hivi, vyumba vingi vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu. Mtoto anayepima upana wa chumba cha bibi yake anapima, bila kujua, urefu wa mti uliokatwa mikokoni. Hilo ni somo la Hisabati, Jiografia na Historia kwa pamoja, wala halihitaji msasa.

Wakati huo walimu wanafunzi wawili waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha shule ya jirani walikuja kutazama. Walifurahi, wakaniomba walete Darasa la Sita lije kusaidia kukwangua. Walikuwa wamekwisha kuandika “kujifunza kwa kutenda” katika andalio. Niliwakatalia. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumejifunza kuiheshimu kazi ya mikono shuleni, nami naiheshimu. Lakini kazi ya mikono si sifa inayotakasa kila kitu. Kazi hii ina sehemu mbili: ile ya kutambua, ambayo ni ya mtoto kabisa, na ile ya kuondoa, ambayo si yake hata kidogo.

Ile ya kuondoa tulifanya watu wazima watatu, huku Mama mkubwa na wajukuu wakilala kwa jirani. Tulitandaza nailoni sakafuni, tukavaa barakoa za kuzuia vumbi laini, si vitambaa tu, tukapaka dawa ya kulainisha rangi, kisha tukakwangua ikiwa mbichi. Msasa ulitumiwa kwa maji. Kostiki soda tuliikataa, kwa sababu hugeuza baadhi ya mbao kuwa nyeusi na huunguza ngozi. Makwanguo yalifungwa katika mifuko. Hayakuchomwa wala kutupwa bustanini. Nguo zilifuliwa peke yake. Mwishoni tulipaka mafuta ya kitani, tabaka jembamba mara tatu. Matambara yenye mafuta hayo yasirundikwe pembeni, maana hujipasha moto yenyewe hata kuwaka. Yaanikwe yakiwa yametandazwa nje, au yalowekwe majini.

Boriti ya tano hatukuigusa. Rangi yake ilikuwa imeshika imara, na rangi isiyobanduka ina madhara machache kuliko vumbi lake. Tuliifunika kwa tabaka jipya. Mama mkubwa aliridhika; alisema, “Acheni moja, mwanangu, imkumbuke mwenye kuipaka.”

Walimu wale wawili walitengeneza somo jingine. Walinunua vipande vya mbao safi karakana, wanafunzi wakanusa, wakagonga, wakahesabu pete za mti. Walichukua ganda la chokaa wakalidondoshea maji ya limau, wakaona povu. Wakadondoshea kipande kipya cha rangi ya mafuta, wasione kitu. Wakatumwa nyumbani kuwauliza wazee ni rangi zipi zilipakwa na kwa sababu gani. Kisha mtoto mmoja, ambaye kwa maelezo ya mwalimu wake hazungumzi sana, akanyosha mkono: kama rangi ya zamani yaweza kuwa na sumu, mbona ukuta wa darasa letu unabanduka karibu na madawati ya wadogo?

Swali hilo halikuwamo katika andalio. Mwalimu mwanafunzi hakulijibu kwa haraka. Alikwenda nalo kwa mwalimu mkuu, naye akalipeleka kwenye kamati ya shule. Waliamua kutokwangua chochote mpaka rangi ipimwe. Hadi ninapoandika haya majibu hayajatoka. Madawati yamesogezwa mita moja kutoka ukutani, na sehemu ile haifagiliwi tena. Kila jioni mtu mzima huifuta kwa kitambaa chenye maji.