Juu ya Daraja la Nithi

Mkenya akitajiwa Nithi hufikiria daraja. Barabara itokayo Embu kwenda Meru, ikishaipita Chuka, huteremka kwa kona kali hadi mtoni, na ajali zilizotokea pale zimelifanya jina hilo lizoeleke kwenye taarifa za habari. Matatu inapoanza kuteremka, mazungumzo hukatika na abiria hushika viti vya mbele. Ni wachache wanaojiuliza maji yanayopita chini yao yanatoka wapi. Yanatoka mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kupiga hema, na wapenzi wa Kilimanjaro watanisamehe.

Mimi na mume wangu tulikwenda mwishoni mwa Agosti, kipupwe kikimalizika na mvua za vuli zikiwa bado hazijabisha hodi. Majira hayo ni ya kuyawahi, kwa sababu njia ya Chogoria iko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambao hupata mvua nyingi kuliko upande wa njia ya Sirimon. Mume wangu ni mtu wa Nyeri. Amekua akiuona mlima kutoka upande wa magharibi, kila asubuhi isiyo na mawingu, na kwake mlima ni kilele. Mimi ni mtoto wa pwani, kutoka kule Mto Tana unakoingia baharini, na kilele kwangu ni habari ya watu wengine. Tulikubaliana hivi: yeye atapata kilele chake, Lenana, mimi nitalala Ziwa Michaelson.

Chogoria ni mji mdogo wa kaunti ya Tharaka-Nithi, wenye hospitali kongwe ya misheni na chai iliyopandwa hadi kwenye ukingo wa msitu. Hapo tulikutana na mwongozaji wetu na wapagazi, tukanunua kabichi, tangawizi na unga, tukapakiwa kwenye Land Rover iliyochoka. Kuhusu barabara ya msituni nitasema tu kwamba ina matope na kwamba ilituchapa mbavu. Ila chunguza miti inavyobadilika kadiri unavyopanda: kwanza podo zilizonyooka, kisha mianzi iliyobanana mpaka mwanga unakuwa wa kijani, kisha, karibu na lango la hifadhi kwenye mita 2,950 hivi, miti ya hagenia yenye mashina yaliyopinda na kuvu-mwani mrefu unaoning'inia kila tawi. Nyati hula majani karibu na nyumba za wageni pale langoni. Mwongozaji alituonya tusiende chooni usiku bila tochi, na hakuwa akitania.

Baada ya lango msitu hukatika ghafla. Unatokea kwenye nyika ya nyasi ngumu na vichaka vya erika, na kwa mara ya kwanza unaona vilele, mbali bado, vyeusi na vyenye meno. Ziwa Ellis liko upande huu. Watu huja kuvua samaki aina ya trauti walioletwa na Waingereza. Watembeaji wengi hulala hapo, na ni pazuri, lakini ni uwanja wazi na upepo wake hauna adabu.

Kutoka hapo kwenda juu ndipo njia hii inapoziacha mbali nyingine zote. Unapanda ukingo mrefu, na upande mmoja ardhi inaporomoka. Chini yako kuna bonde ambalo wachora ramani waliliita Gorges. Barafu ililichonga zamani, ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya mlima huu, ambao ni volkano iliyozimika yenye umri wa takriban miaka milioni tatu. Kuta zake zimesimama wima, na chini kabisa Nithi unakwenda kwa maporomoko, moja likiitwa Vivienne. Mume wangu, ambaye tangu langoni alikuwa akihesabu mita za mwinuko kwa sauti, alinyamaza. Nilimwacha anyamaze.

Kwa kawaida wageni huendelea na ukingo hadi kambi ya Mintos, huchungulia ziwa kutoka juu ya jabali linaloitwa Temple, hupiga picha na kwenda kulala wajiandae kwa kilele. Sisi tuliteremka. Michaelson liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, limekumbatiwa na majabali pande tatu, na upande wa nne, ulio wazi, ndipo mto unapochomoka. Tulipiga hema kwenye nyasi karibu na maji. Hatukumkuta mtu mwingine.

Mchana kule ni wa joto la kuvua sweta. Jua likishajificha nyuma ya jabali, baridi huanguka kwa dakika. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Olov Hedberg, aliyeichunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki, aliona kwamba huku joto la kiangazi na baridi kali hupokezana ndani ya saa 24, na mimea imelazimika kuishi hivyo. Ukitaka kumwamini tazama lobelia. Kuna aina inayohifadhi maji kati ya majani yake yaliyopangana duara. Usiku maji hayo huganda juu tu, na chipukizi lililo katikati halifi. Asubuhi niligonga barafu hiyo kwa kucha na chini yake kukawa na maji. Kuna nyingine ndefu, yenye manyoya ya kijivu kama mkia wa paka aliyeudhika, na ndani ya manyoya hayo chozi wa kijani anayeng'aa huingiza mdomo kutafuta chakula. Chozi! Ndege ninayemjua kutoka kwenye maua ya bustani za pwani, huku anaishi na barafu.

Mpishi wetu alikuja na maharagwe aliyoyachemsha nyumbani kwake. Kwa mwinuko ule maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 90, kwa hiyo maharagwe makavu unaweza kuyapikia hadi gesi iishe na bado yakakugonga meno. Tulikula kwa wali na kabichi, tumevaa kila tulichonacho, mimi nimejifunga leso kichwani juu ya kofia.

"Mama Sofia, huko kwenu wangekuona hivyo wangesema nini?" mume wangu akauliza.

"Wangesema maji haya yanakuja kwetu, Baba Sofia, na mnayachezea."

Ni kweli. Nithi hatimaye huingia Tana, na Tana huvuka nchi kavu yote ile hadi Kipini. Hata hivyo, nilipotia mkono ziwani nikautoa upesi.

Kilele sitakieleza sana, kwa kuwa wengi wameshakieleza. Tulihamia Mintos, tukaondoka saa tisa usiku kwa tochi, tukapanda changarawe inayorudi nyuma kila unapoikanyaga, tukafika Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Batian na Nelion ziko mbele yako, karibu na kubwa mno; Halford Mackinder na wenzake waliifikia Batian tarehe 13 Septemba 1899, na vilele vikapewa majina ya viongozi wa dini wa Kimaasai. Chini kuna kilichobaki cha barafu ya Lewis, ambayo kila picha ya zamani inaionyesha pana kuliko ilivyo. Mume wangu alifurahi sana. Palikuwa na foleni ya kupiga picha kwenye kibao.

Waongozaji wengi hupendekeza upande Chogoria na uteremkie Sirimon, ili uone pande mbili za mlima. Ni ushauri wa busara na sisi hatukuufuata; tulirudi njia ileile, na yule mtu wa Nyeri ndiye aliyeomba tulale tena bondeni. Ukienda, usiridhike na kuambiwa kwamba "mtaliona ziwa". Mwambie mwongozaji mapema, kabla hujalipa, kwamba unataka hema lipigwe Michaelson kwenyewe, kwani ratiba nyingi hulipitia kwa juu tu, na wapagazi nao wanahitaji kujua kwamba watabeba mzigo kule chini na kuupandisha tena.