Bustani Juu ya Mwamba

Nyuma ya madrasa yetu hapa Mombasa upo uwanja wa wakfu ambao kwa miaka mingi haukuwa na kazi ila kuanikia nguo. Chini yake ni mwamba wa matumbawe; ukipiga jembe, jembe hurudi. Kandoni mwake vipo vyumba vitatu ambamo vijana waliokosa kuendelea na shule hujifunza ushoni, umeme wa majumbani na ufundi wa mabomba.

Mwaka jana kamati ilikaa kuamua uwanja ufanywe nini. Sisi tulikuwa upande wa waliotaka maduka ya kupangisha, kwani kodi ni fedha inayohesabika. Akina mama wakataka bustani. Bi mmoja, ambaye mjukuu wake ni miongoni mwa wanagenzi, alitwambia, "Mashekhe, duka atalikodi mwenye mtaji. Watoto wetu watabaki kukaa barazani mwake." Tulimjibu kwamba mwamba haulimiki. Akatuuliza kama tumepata kufika Bamburi.

Basi Jumamosi moja tulivuka daraja la Nyali, wazee watano na akina mama saba, hadi kwenye machimbo ya kale ya kiwanda cha saruji. Kiwanda kile kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kila mwamba ulipochimbwa iliachwa ardhi tupu, nyeupe, isiyo na udongo, na maji yaliyo chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti humo. Kati ya aina 26 alizopanda, tatu tu ndizo zilizohimili, na iliyostawi zaidi ni mvinje. Mizizi ya mvinje hukaliwa na vijidudu viupatiavyo mti naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalilundikana chini bila kuoza. Dawa ikawa jongoo, mdudu ambaye sisi humfagia nje kwa karaha. Waliletwa kwa mamia, wakayala majani yale, na kinyesi chao ndicho kilichoanzisha udongo wa msitu tuliousimamia siku ile, wenye kivuli, ndege na viboko.

Tuliinama tukaushika. Ulikuwa mweusi, laini. Bi yule hakusema neno. Alimwomba mlinzi ruhusa, akafunga konzi moja katika pembe ya leso yake. Katika safari ya kurudi hakuna aliyetaja maduka.

Hatukuwa na miaka ya kungojea msitu, kwa hiyo tulianza na magunia. Tuliyajaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, samadi ya mbuzi na udongo wa kununua. Maji ndiyo yaliyotusumbua, kwani ya bomba hukatika na ya kisima yana chumvi. Ndipo mwalimu wa mabomba alipotuonyesha maji ya udhu, yaliyokuwa yakipotelea shimoni mara tano kila siku. Wapo waliotuuliza kama yafaa. Yafaa: katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi hayatawadhiwi tena, lakini ni tahiri, na mchicha hautawadhi.

Wanagenzi wa mabomba, msichana mmoja akiwamo, walilaza mifereji na kujenga tangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya vitendo ya muhula ule. Walivunja bomba mara mbili, na mara ya pili maji yaliingia msikitini. Wa umeme walifunga taa uani, na tangu hapo darasa la jioni la wasichana likawezekana, kwa sababu wazazi hawakupenda wapite gizani. Wa ushoni walishona vitambaa vya kivuli.

Leo uwanjani mna mchicha, kunde, bamia na mipapai minne. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, nao huuzwa pale pale mlangoni baada ya Alasiri. Fedha yake hutosha uzi, sindano na gundi ya mabomba. Ada ya mtihani wa NITA, ambayo bila yake kijana hana cheti cha kumwonyesha mwajiri, bado haitoshi, na kodi ya maduka ingeilipa kwa mwezi mmoja. Mhasibu wetu hukumbusha hilo kila kikao, wala hatuna la kumkanusha. Kikao kijacho ni Ijumaa baada ya Isha, na safari hii wanagenzi nao wameomba kuhudhuria.