Korona ya Babu

Ndugu msomaji, usije ukanicheka. Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne na ninayejidai kuandika riwaya, na majuzi nilikaribia kumpoteza babu yangu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikufa.

Riwaya yenyewe ni ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Babu alifika huko kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani mmoja wa wale vibarua wa mkataba walioitwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa jina. Nimeiandika usiku, kwa kalamu, kwenye kauntabuku mbili. Kuchapa nachapa kwenye simu. Mhariri sina. Mwalimu aliyekuwa akinisahihishia insha alihamishwa, na wachapishaji, wewe wapelekee mswada uone kimya chao.

Basi rafiki yangu mmoja akaniambia, "We unateseka nini? Siku hizi kuna akili mnemba. Unaibandikia sura nzima, inakunyooshea." Nikaona sawa. Rie Qudan wa Japani, aliyepata Tuzo ya Akutagawa Januari 2024, si alisema mwenyewe kwamba kiasi cha asilimia 5 ya riwaya yake kilitoka huko huko? Nikabandika sura ya tatu. Hata chai ilikuwa haijachemka, imeshamaliza.

Niseme haki yake kwanza. Iligundua kwamba babu niliyemzalisha mwaka 1948 ninamkatisha mkonge mwaka 1957, mtoto wa miaka 9! Nilikuwa nimeisoma sura ile mara kumi nisilione hilo. Ikanieleza pia kwamba nimeandika "ghafla" mara 11. Nikahesabu. Ni kweli bwana.

Kosa langu ni kwamba sikusoma yote. Nilisoma mwanzo, nikaona Kiswahili kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, nikafurahi, na jioni nikamsomea bibi barazani. Alisikiliza, mkono shavuni. Nilipofika pale babu anapoumia, akanisimamisha.

"Hebu rudia."

Nikarudia: mwaka 1957, baada ya kuugua korona, mkono wake wa kulia ulidhoofika.

"Aliugua nini?"

"Korona, bibi."

"Korona haiuguliwi, mwanangu. Korona ndiyo ilomla vidole."

Mate yakanikauka. Na mimi ndivyo nilivyoandika: korona ilimla vidole viwili. Kwa msiokulia mkongeni, korona ni ule mtambo mkubwa wa kusaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Programu haikuijua. Mashine hizi, ninavyoelewa, hukisia neno linalofuata kutokana na maandishi ambayo zimelishwa, na tangu mwaka 2020 korona iliyojaa magazetini ni ile ya barakoa. Korona ya babu ilikaa midomoni mwa watu waliorudi kambini hoi kwa uchovu. Nani angeiandika?

Nikaipekua sura iliyobaki kwa hofu. Kipande, ile kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na mpaka zitimie siku 30 ndipo upate mshahara, kimekuwa "kipande cha karatasi". Manamba wamekuwa "wafanyakazi wa mashambani". "Mie" ya bibi imekuwa "mimi" kila mahali. Kosa la sarufi hakuna hata moja, na mtu niliyemjua hakuna hata mmoja.

Bahati kauntabuku zipo. Programu sijaitupa, bado naiuliza kama miaka yangu inakubaliana na ni wapi nimejirudia. Kunyoosha nimeikataza. Sura zote sasa namsomea bibi, naye jamani hana huruma. Juzi kanikatiza tena. Nimeandika kwamba siku ile ya vidole babu alilia sana.

"Hakulia," akasema. "Aliuliza kama siku hiyo itatiwa kwenye kipande."